Sura ya Sita: Prosesa Ipi Ibaki Nje?

Mwaka 2008 Rwanda, jirani yetu sisi wa Bukavu, ng'ambo ya mto Ruzizi, ilianza kuwagawia watoto wa shule za msingi kompyuta ndogo za rangi nyeupe na kijani zinazoitwa XO. Miaka michache baadaye zilikuwa zimepita 200,000, na hakuna nchi nyingine ya Afrika iliyogawa nyingi kiasi hicho. Wazo lilitoka kwa Nicholas Negroponte na wenzake wa MIT, waliotangaza mwaka 2005 kwamba watatengeneza kompyuta ya dola 100 kwa ajili ya kila mtoto. Bei hiyo haikufikiwa, lakini kompyuta yenyewe ilipatikana: skrini inayosomeka juani, kibodi ya mpira isiyoogopa vumbi, RAM ya megabaiti 256, hifadhi ya gigabaiti 1 isiyo na diski ya kuzunguka, na prosesa ya AMD iitwayo Geode LX-700, inayokwenda kwa megahezi 433.

Kwa mtu anayetaka kujenga kerneli yake mwenyewe, sijui mwalimu bora kuliko prosesa hiyo.

Geode ni ya ukoo wa zamani. AMD iliinunua mwaka 2003 kutoka National Semiconductor, nayo National ilikuwa imeipata ilipoimeza kampuni ya Cyrix mwaka 1997. Inaelewa karibu maagizo yote ambayo programu za kawaida zilizoandikiwa Pentium Pro ya mwaka 1995 huyatumia, likiwamo agizo la CMOV, ambalo wengi hulichukua kuwa kipimo cha kusema prosesa fulani ni ya kizazi cha 686. Inachokosa ni agizo moja: NOPL. Na kazi ya NOPL ni kutofanya lolote.

Si utani. Prosesa hupenda msimbo uanzie kwenye anwani zilizopangika, tuseme kila baada ya baiti 16, na kompaila hujaza nafasi zinazobaki katikati kwa maagizo yasiyofanya kitu. NOP ya kawaida ina baiti moja tu. NOPL hujaza baiti kadhaa kwa mkupuo mmoja, kwa hiyo prosesa haipotezi muda kuhesabu vipande vidogo vidogo. Geode haikufundishwa neno hilo. Ikikutana nalo inasimama na kulalamika kwamba agizo ni batili, na programu inakufa papo hapo. Mwaka 2023, mwezi wa Juni, Debian ilipotoa toleo lake la 12, iliandika waziwazi kwamba kompyuta za biti 32 sasa lazima zijue NOPL, na ikaitaja AMD Geode kuwa mfano wa prosesa zilizohudumiwa mpaka toleo la 11. Mashine nzima, na skrini yake na kibodi yake, imefungiwa mlango kwa sababu haijui namna mpya ya kukaa bure.

Hakuna mtu aliyekaa kikao kuwafukuza watoto wa Rwanda. Mtu fulani alibadilisha chaguo moja katika orodha ya kompaila, kwa sababu nzuri, na matokeo yakawa hayo. Ndiyo maana nasema kwamba jina la prosesa unalolichagua kwenye menyu ya kerneli ni kizingiti. Ukiandika "Core 2" unaiapia kompaila kwamba kerneli hii haitakutana kamwe na prosesa iliyo chini ya hapo. Kompaila inakuamini. Haitakuuliza tena, na mashine itakayokuja kinyume cha kiapo chako haitapewa nafasi ya kujieleza. Mara nyingi itabaki na skrini nyeusi tu, bila hata mstari mmoja wa kosa.

Mjini Bukavu kiapo cha namna hiyo ni kigumu kukitimiza. Mtu aliye Stockholm anajenga kerneli kwa kompyuta moja aliyoinunua dukani ikiwa mpya, na anajua ataitumia mpaka ifie mezani pake. Hapa kompyuta nyingi ni za okazyo. Zimefanya kazi katika ofisi za Ulaya, zikauzwa kwa mafungu, zikateremshwa Mombasa au Dar es Salaam, zikapanda malori. Meza ya fundi wa Nyawera au Kadutu inaweza kubeba kwa siku moja ThinkPad yenye Pentium M ya mwaka 2004, laptopu ndogo yenye Atom N270, Dell ya Core 2 Duo, na HP yenye Core i5 ya kizazi cha tatu. Mteja anaingia na maneno yaleyale: "Yaya, niwekee Linux, Windows iko inachelewa sana." Fundi anamjibu: "Acha ku meza, ndugu. Kama kuranti inarudia, utaikamata kesho." Flashi ni moja, mashine ni nne, na kerneli iliyojengwa kwa ajili ya i5 haina msaada kwa tatu zilizobaki.

Kazi ya kwanza kwa fundi huyo ni kusoma. Linux ikiwa imewaka kwa namna yoyote ile, hata kutoka kwenye flashi, faili la /proc/cpuinfo linaonyesha jina la prosesa na, chini yake, mstari mrefu wa herufi zinazotisha. Usiruke mstari huo. Ukiona lm, prosesa inaweza biti 64, hata kama mwenye mashine amekuwa akitumia Windows ya biti 32 tangu aipate. Dell ya Core 2 Duo niliyoitaja hapo juu itakuwa nayo. Atom N270 haina na haitakuwa nayo kamwe, na ukiilazimisha kerneli ya biti 64 itakuambia kwamba inahitaji x86-64 na imekuta i686 tu. Hilo angalau ni kosa lenye adabu, linajieleza. Ukiona lm na RAM ya gigabaiti 2 au zaidi, nenda biti 64 na usahau sehemu kubwa ya orodha ya familia za prosesa.

Ukiona pae, prosesa ya biti 32 inaweza kufikia kumbukumbu iliyo zaidi ya gigabaiti 4, na inaweza pia kukataza data isiendeshwe kama programu, pale ambapo nx nayo ipo. Hapa Pentium M ina kituko chake. Zile za mwanzo zina uwezo wa PAE lakini haziutangazi. Ukisoma mstari wake, pae haipo. Mwaka 2012 Ubuntu ilipoacha kutoa kerneli zisizo za PAE, laptopu nyingi nzuri za miaka ya 2003 na 2004 zilikataliwa mlangoni kwa kukosa cheti, ingawa elimu zilikuwa nayo. Mwaka 2014 Linux iliongezewa neno la kuandika wakati wa kuwasha, forcepae, linaloiambia kerneli isijali kimya cha prosesa na iendelee. ThinkPad nyingi zilifufuka kwa neno hilo. Kwa fundi asiye na intaneti ya uhakika, ni neno la kuandika ukutani.

Sasa turudi kwenye hamu ya kasi, kwa maana vijana wanaojenga kerneli kwa mara ya kwanza karibu wote wanaingia kwa mlango huo. Wameambiwa kwamba kerneli ya kawaida imejengwa kwa ajili ya kila mtu, hivyo wanadhani iliyojengwa kwa prosesa yao itaruka. Haitaruka. Sababu ni mbili, na zote mbili zimo katika namna kerneli inavyofanya kazi.

Kwanza, maagizo mapya yanayozipa prosesa za kisasa nguvu zao, SSE na AVX na mengine ya kukokotoa namba nyingi kwa pamoja, kerneli yenyewe imepigwa marufuku kuyatumia ovyo. Kila programu inapoita kerneli, kerneli ingelazimika kuhifadhi rejista zote hizo kubwa na kuzirudisha baadaye, na gharama hiyo ingemeza faida. Kwa hiyo kompaila huambiwa tangu mwanzo: zisiguswe. Zinatumika katika sehemu chache tu, kama usimbaji fiche na RAID, na kwa RAID kerneli hupima yenyewe wakati wa kuwaka njia ipi ina kasi kwenye mashine iliyopo. Pili, kwa mambo mengine mengi kerneli hubeba msimbo wa namna mbili au tatu, na inapowaka huangalia prosesa iliyomo kisha hujiandika upya kwenye kumbukumbu, ikiweka agizo linalofaa mahali pake. Kerneli ya Debian unayoipakua bure imekwisha kufanya sehemu kubwa ya kazi unayotaka kuifanya kwa saa sita za umeme wa kubahatisha.

Wenyewe wamelikiri hilo. Mwaka 2025 waandishi wa Linux waliondoa kwa upande wa biti 64 majina ya familia za zamani, kama K8 ya AMD, Core 2 na Atom, kwa kuwa kuyachagua kulileta vurugu nyingi kuliko manufaa. Mwaka huohuo likaongezwa chaguo jingine la kuijenga kerneli kwa prosesa ileile inayoijenga. Chaguo hilo ni zuri kwa mtu mwenye mashine moja. Kwa fundi mwenye flashi inayotembea mji mzima ni mtego, kwa sababu linaapa kwa niaba yake bila hata kumtajia jina la prosesa aliyoiapia.

Upande wa biti 32 orodha bado ni ndefu, na hapo jina lina uzito wa kweli. Kila jina linaamua mambo ambayo hayabadiliki tena baada ya kujenga: kama CMOV inaruhusiwa, kama saa ya ndani ya prosesa inategemewa, upana wa mstari wa kashe ambao data hupangwa kwa kuufuata. Pentium 4 hupangiwa kwa baiti 128, Pentium III na Geode LX kwa 32. Ukimpa mwenye Geode kerneli ya Pentium 4, hata kama ingewaka, ingetapanya RAM ambayo tayari ni kidogo. Fundi mwenye mashine mchanganyiko achague jina la mashine iliyo chini kuliko zote mezani pake, kisha awashe chaguo la X86_GENERIC, linaloilainisha kerneli isizitese sana zile za juu. Zitakazopoteza zitapoteza kidogo mno. Bado sijaona mteja wa Kadutu aliyerudisha mashine kwa kulalamikia mpangilio wa kashe.

Kizingiti hupanda kwa watu wote, hata kwa waanzilishi. Linus Torvalds aliianza Linux mwaka 1991 juu ya 386 yake mwenyewe. Toleo la 3.8 la Februari 2013 lilikuwa la kwanza kukataa kuwaka kwenye 386, na Torvalds hakuililia.

Kama kasi si hoja, kwa nini basi ujenge kerneli hapa? Kwa ajili ya umeme. Mitambo ya Ruzizi I inazungushwa na maji ya Ziwa Kivu tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, chini kabisa ya mji wetu, na Ruzizi II, inayohudumia Kongo, Rwanda na Burundi, tangu 1989. Bado delestaji, yaani kukatwa umeme kwa zamu, ni habari ya kila juma, na taka za plastiki zinazoelea ziwani zimekuwa zikiziba mitambo. Mashine ya Bukavu inaishi kwa betri iliyochoka, kwa sola, au kwa jenereta ya jirani. Chaguo la prosesa linalostahili usiku wako mzima ni lile linaloamua kasi ya kula umeme.

Kwa prosesa za Intel kuanzia Sandy Bridge ya 2011, draiva ya kuiwasha ni intel_pstate. Core 2 Duo na Atom za zamani zinahitaji acpi-cpufreq. AMD za enzi za Athlon 64 zina powernow-k8. Ukikosea hapa, kerneli itawaka vizuri na hutaona kosa lolote, ila prosesa itabaki kwenye mwendo mmoja mchana na usiku, feni itavuma, na betri iliyokuwa ya saa mbili itakuwa ya saa moja. Katika menyu hiyohiyo kuna kitu kinaitwa p4-clockmod, kinachovutia kwa jina lake. Kiache. Hakipunguzi volti ya prosesa. Kinairusha mapigo tu, hivyo kazi inachelewa na umeme unaookolewa ni kidogo. Maelezo ya kerneli yenyewe yanakuonya, kama utakuwa na subira ya kuyasoma.

Halafu kuna mdundo. Kerneli inaweza kuiamsha prosesa mara 100, 250, 300 au 1000 kwa sekunde kuangalia kama kuna kazi. Kwa mashine ya betri chagua 100 au 250, na uhakikishe NO_HZ_IDLE imewashwa ili isiyo na kazi isiamshwe bure. Idadi ya prosesa nayo ipunguze: kerneli nyingi zinazogawiwa zinaandaliwa kwa prosesa 8192, na laptopu ya kori mbili haihitaji kutengewa meza za karamu hiyo.

Watu wa XO walilielewa jambo hili mapema kuliko wengi. Waliiwekea skrini kifaa chake cha pekee, DCON, kinachoweza kushikilia picha huku prosesa imelala kabisa. Mtoto anasoma ukurasa, macho yake yanatembea, na Geode haifanyi lolote. Akibonyeza kitufe inaamka. Ndiyo maana mbali na jina la Geode GX/LX katika orodha ya familia, kerneli ina chaguo la OLPC lenye draiva zake za kulala na kuamka. Ukichagua familia sahihi na kulisahau chaguo hilo la pili, utapata XO inayowaka na kufanya kazi, lakini si ile iliyokusudiwa kwa shule isiyo na umeme.

Kuna chaguo moja tu la prosesa ambalo kweli linagusa kasi kwa namna ambayo mteja ataiona, nalo lilizaliwa Januari 2018, kasoro za usalama za prosesa zinazoitwa Meltdown na Spectre zilipotangazwa. Kerneli ilipewa kinga, na kinga ina gharama. Intel nyingi zinahitaji kutenganisha kurasa za kerneli na za programu. Zilizo na pcid kwenye ule mstari wa cpuinfo hulipa kidogo, Core 2 Duo isiyo nayo hulipa zaidi. AMD hazikuathiriwa na Meltdown, na Atom za kabla ya 2013 zimepona zote mbili. Kerneli ya kawaida inazijua tofauti hizi na kuziacha salama zile zisizohitaji kinga. Kuizima kinga hiyo kwa mkono ili kuongeza kasi nakuona kuwa upuuzi, hasa kwa mashine ya sekretarieti ya mtaani ambako flashi za watu mia zinaingia na kutoka.

Kujenga kwenyewe kunahitaji hesabu ya bando na ya delestaji. Msimbo wa kerneli za toleo la 6 unazidi megabaiti 130 ukiwa umebanwa, na ukifunguliwa unapita gigabaiti 1. Upakue mara moja, uhifadhi, ugawane na wenzako. Badala ya kupitia maelfu ya maswali, tumia make localmodconfig, iliyoingia Linux mwaka 2009: inaangalia draiva zinazotumika sasa hivi na kuzitupa nyingine zote, na kazi ya saa nyingi inakuwa ya chini ya saa mbili hata kwa mashine dhaifu. Lakini inaamini kile inachokiona tu. Chomeka kwanza modemu ya intaneti, printa, kamera, adapta ya wifi, chochote utakachokitaka kesho, la sivyo kerneli yako mpya itakuwa nyepesi na bubu. Umeme ukikatika katikati ya kujenga, usianze upya. Ukirudi andika make tena, itaendelea pale ilipoishia. Futa tu faili la mwisho lenye mwisho wa .o, kwa maana laweza kuwa limeandikwa nusu.

Wenye Raspberry Pi hawana menyu ndefu hivyo. Mipangilio imeandaliwa tayari kwa kufuata kizazi, bcm2711 kwa Pi 4 na bcm2712 kwa Pi 5, na kuichanganya ni kupoteza siku. Ila hadithi ya kizingiti ni ileile: Pi ya kwanza ya 2012 ilikuwa ya ARMv6, Debian ya armhf ilitaka ARMv7, na ikabidi watu wachache waikompili Debian karibu yote upya ili ishuke mpaka ilipo. Raspbian ilizaliwa hivyo.

Mfano huo unafaa kukumbukwa na yeyote mwenye XO au mashine nyingine ya namna yake. Kerneli uliyoijenga kwa Geode itawaka bila shida, lakini programu utakazoziweka juu yake kutoka Debian 12 bado zimejaa NOPL, na hapo kerneli yako haiwezi kukusaidia. Baki na Debian 11, yote, chini hadi juu, na ujue kwamba huduma yake ya usalama ya muda mrefu imepangwa kufikia ukomo Agosti 2026.

Usiifute kerneli ya zamani mpaka mpya iwe imewaka na kuzimika mara kadhaa. Iache kwenye orodha ya GRUB. Faili la .config lihifadhi pamoja na kerneli yenyewe, maana bila hilo hata wewe hutajua ulichokiapa. Na kama kerneli itatoka nje ya meza yako, andika juu ya flashi, kwa kalamu isiyofutika, jina la prosesa ya chini kabisa uliyoijaribia.